Udongo Alioubeba Kichwani

Shamba lile nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alichukua bonde lenye migomba na kahawa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kibondo na watoto wawili na ndoa iliyovunjika, nikaonyeshwa kipande cha mlimani, juu ya barabara iendayo Nyakitonto. "Ndilo lililobaki," baba aliniambia, na hakuniangalia usoni aliposema. Alikufa kabla ya mwaka kwisha. Maneno yake hayakuandikwa popote.

Kipande hicho kilikuwa kimelimwa muhogo tangu nikiwa msichana, kisha mahindi, kisha muhogo tena, hadi udongo ukawa mwekundu uliofifia, wenye changarawe, usioshikana hata mvua ikinyesha. Mwaka wa kwanza nilipanda mahindi. Yalinifika magotini, yakawa ya njano, na katikati yake kikachipua kiduha, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Mke wa kaka alipita akaniambia, "Pole, wifi. Angalau maua unayo." Nilicheka naye. Kisha nikaacha kulima, nikaishi kwa mshahara.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha sayansi. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya mimea, niliandika ubaoni kwamba mimea ya jamii ya kunde hushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Kwamba bakteria hao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na mmea nao huwapa bakteria sukari na mahali pa kukaa. Nilichora mche wa haragwe, nikauwekea vinundu kwenye ncha za mizizi kama balbu za taa. Wanafunzi walinakili. Waliojibu vizuri kwenye mtihani walipata vema. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kung'oa haragwe hata moja nikatazama, na maharage nilikuwa nayala karibu kila siku.

Mama mmoja alikuja shuleni mwezi wa tisa, na furushi la vitenge kichwani. Wanawake wa kambi ya wakimbizi walipita mara kwa mara kwenye nyumba za walimu, wengine na vitenge, wengine na sabuni ya kipande. Huyu alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko kilichosikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Alitoka Kongo, upande wa Uvira, na alikuwa amekaa kambini muda mrefu kuliko umri wa mwanawe wa mwisho. Niligusa vitenge vyake, sikununua. Akaanza kuvikunja bila kununa, na huku anakunja akaniuliza:

"Mwalimu, ile shamba ya pale juu ya barabara ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mbona muliiacha vile?"

"Limekufa lile, mama. Halioti kitu."

Akacheka. "Kufa? Udongo haikufe hivyo. Nipatie miye, nitalima, tutagawana."

Sote wawili tulijua kwamba mtu wa kambini haruhusiwi kulima nje. Wengi walilima. Sisi wenye mashamba tulikaa kimya kwa kuwa ukimya ulitufaa: tulipata mtu wa kufanya kazi ambaye hawezi kwenda kushtaki popote. Wakati ule sikulifikiria hivyo. Nilijiona ninamsaidia.

Tulikubaliana pale pale mlangoni. Yeye ataleta mbegu na jembe, atachagua cha kupanda, na mimi nitapata theluthi ya mavuno. Alitaka nimwachie shamba kwa miaka mitano. "Mbili ya kwanza ni ya kuiponyesha," alisema. "Usinifukuze nikishaponyesha." Nikamwambia siwezi kufanya kitu kama hicho. Nilisema kwa sauti ya kuumizwa kidogo, kama mtu aliyeshukiwa bila sababu.

Msimu wa kwanza alipanda maharage upande mmoja na soya upande wa pili. Maharage yalijikongoja. Soya ilitoka ardhini vizuri, ikapata majani manne matano, kisha ikageuka njano yote. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshaanza kusimama barabarani jioni nikiangalia shamba langu, na aibu ya miaka ile ikanirudia. Nilipomkuta analipalilia nikamwambia, "Mama, nilikwambia mapema. Limekufa."

Aliinama, akang'oa mche mmoja wa soya, akaukung'uta udongo na kuniletea. Mizizi ilikuwa safi, myeupe, haina kitu.

"Ona," akasema. "Hawako."

"Akina nani?"

"Wafanyakazi."

Nilitazama ile mizizi kwa muda kabla sijaelewa anachosema. Ndipo nikasema, polepole, kama mwanafunzi anayekisia jibu, "Bakteria?"

"Sijue munawaita je kwenye kitabu. Ile ya maharage iko, kidogo kidogo. Lakini ya maharage haijue soya. Soya iko na wake. Kama hawako kwenye udongo, mpaka uwalete."

Aliniambia kwamba kwao, masista wa kituo cha afya walikuwa wakiwafundisha kina mama kulima soya kwa ajili ya uji wa watoto waliokonda. Na kwamba mtu akifungua shamba jipya, alikwenda kwanza kwenye shamba la zamani la soya, akachota udongo wake, akaupeleka kule kupya. Nikamuuliza huku kwetu atautoa wapi udongo wa namna hiyo. Alikuwa ameshaulizia. Mwenzake wa kwaya alikuwa na kipande cha soya upande wa pili wa kambi, na ile yake ilikuwa inastawi.

Mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata, mvua za kwanza ziliponyesha, alikuja na gunia kichwani. Nilikuwa shambani siku hiyo kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Nilimwona akipanda mlima taratibu, shingo imenyooka, na juu ya gunia alikuwa amefunika kitenge kilichoroa maji. Kilikuwa kitenge kipya, kimojawapo cha kuuza. Kutoka kambini hadi pale ni mwendo wa saa tatu kwa mtu asiyebeba kitu. Nikamsaidia kutua. Gunia lilikuwa na udongo.

"Kwa nini umeliloweka?"

"Jua inawaua," akasema. Akaketi chini na kunyoosha miguu, akafumba macho.

Tulifanya kazi ile kwenye kivuli cha mparachichi wa jirani. Alichekecha udongo kwa chekecheo la unga, akapika uji mwepesi sana na kuuacha upoe, akaumwaga juu ya mbegu ndani ya beseni, kisha akatia udongo na kukoroga kwa mkono mpaka kila punje ikawa imevaa koti jembamba jekundu. Alinikataza kuzianika. Alisema zipandwe siku ile ile, ardhi ikiwa bado na maji, na zifukiwe haraka. Nilibeba beseni nyuma yake huku nimelifunika kwa khanga, kama mtu anayebeba mtoto mchanga kwenda kliniki. Nilihisi mjinga na nilifurahi pia.

Miche ilipoanza kutoa maua alinipitia shuleni. Tukapanda mlimani baada ya kengele ya mwisho. Hakung'oa, alichimba kuzunguka mche kwa ncha ya panga, akaunyanyua pamoja na bonge la udongo, akalimenya taratibu. Vinundu vilikuwa vimejazana karibu na shina, kwenye mzizi mkuu, vikubwa kama punje za mtama. Havikuwa kwenye ncha kama nilivyokuwa nachora. Akachuma kimoja, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba na kuniwekea kiganjani. Ndani kilikuwa chekundu, wekundu wa nyama mbichi.

"Hii iko kazini," akasema. "Ukikuta nyeupe ao kijani, ujue wamelala. Wanakula bure tu."

Wiki iliyofuata nilifuta mchoro wangu na kuchora mwingine. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini nimebadilisha. Nikamwambia kitabu kilikosea. Kitabu hakikukosea, mimi ndiye niliyekuwa nimekitazama vibaya.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo miaka niliyoishi vizuri katika kijiji kile. Alipokezanisha soya na mahindi, akiyaacha majani na mizizi ya soya yaozee shambani. Kiduha kikapungua. Mahindi yaliyofuata soya yalinipita urefu, na hatukuwa tumeyatia mbolea ya dukani hata konzi moja. Kila mavuno alileta theluthi yangu mwenyewe, akaimimina mbele yangu kabla sijauliza. Mwanangu mdogo alipokonda baada ya malaria, alimletea maziwa ya soya kwenye chupa kila alipokuja shambani, na kumshikilia hadi amalize. Siku mvua ilipomzuia kurudi alilala kwangu. Tukapika dagaa kwa mawese, akausema ugali wangu kwamba ni laini kama wa mgonjwa. Alinicheka pia Kiswahili changu. Alisema sisi Watanzania tunaongea kama tunasoma risala. Mimi nilimsahihisha ngeli, naye akarudia makosa yale yale makusudi, kwa sauti ya juu zaidi. Usiku ule aliniambia mtoto wake wa kwanza alizikwa njiani, mahali asipoweza kupataja jina, kwa kuwa walipita wakikimbia. Alisema hivyo huku anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

Mwaka wa nne watu walianza kusimama barabarani kulitazama shamba. Kaka naye akasimama.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, akaketi kwenye kiti cha uvivu cha baba, ambacho kilikuwa kwangu kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa anaishi nami. Alikunywa chai akaimaliza.

"Shamba la baba limependeza," alisema.

"Tunashukuru Mungu, kaka."

"Nasikia analima mkimbizi."

Nilichukua kikombe chake kitupu.

"Wewe ni mtumishi wa serikali," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Wakijua umemkodisha mkimbizi shamba, unadhani watakuacha? Na hilo shamba lenyewe nani alikupa? Baba alikuonyesha ulime, upate chakula cha watoto. Hakukupa umpe Mkongo."

Mama alikuwa ndani na alisikia yote. Hakutoka. Nimemlaumu kwa hilo, na nimejilaumu mimi zaidi, kwa sababu yeye alikuwa mzee anayelala kwa mwanawe mmoja na atakayezikwa na mwingine, na mimi nilikuwa na mshahara.

Wiki mbili baadaye kaka aliita kikao cha ukoo. Walikuja baba wadogo wawili na mzee mmoja wa ukoo, wakaketi uani kwetu. Ilikuwa mwezi wa pili. Soya ilikuwa na maganda yaliyojaa lakini bado mabichi; ilihitaji wiki tatu hivi ianze kukauka. Kaka aliwaeleza kwamba ardhi ya ukoo imeingia mikononi mwa wageni. Aliongea Kiha, polepole, kwa heshima, na kila alipotaja jina la marehemu baba alivua kofia. Mmoja wa baba wadogo akanigeukia.

"Mwanangu, ni kweli ulimpa shamba huyu mama?"

Nilikuwa na muda wa kujibu. Nataka niseme hivyo kwa sababu nimewahi kusimulia jambo hili kama vile nilishtukizwa. Sikushtukizwa. Usiku mzima wa kuamkia siku ile nilikuwa nimepanga maneno. Kaka alikuwa amenitumia ujumbe kupitia mkewe: nikimwondoa yule mama, tutagawana shamba nusu kwa nusu na habari za serikali zitaisha hapo hapo.

"Sikumpa shamba," nikasema. "Alikuwa kibarua wangu."

Niliposema hivyo wazee walikuwa wanatazama nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, jembe begani na chupa ya maziwa ya mwanangu mkononi. Ilikuwa siku yake ya palizi, na njia ya shambani ilipita uani kwangu. Kiha na lugha yake si mbali sana, lakini hata kama asingeelewa Kiha, neno kibarua nililisema kwa Kiswahili.

"Kibarua?" akauliza. Hakuwauliza wazee. Aliniuliza mimi. "Kibarua gani anakujaka na mbegu yake?"

Kaka akasimama. "Mama, hapa ni kikao cha familia."

"Minamwuliza mwalimu."

Nilitazama chini. Niliona miguu yake yenye udongo uliokauka hadi kwenye vifundo, na viatu vya plastiki vilivyoshonwa kwa waya. Nilisubiri apige kelele. Angepiga kelele ningepata cha kukasirikia.

Aliweka chupa ya maziwa juu ya jiwe la kufulia, akageuka na kuondoka kwa njia aliyokuja nayo. Alibeba jembe lake. Mtoto wangu, ambaye alikuwa akicheza pembeni, alikwenda akaichukua ile chupa, akanywa.

Soya ilipokauka nilivuna mimi na mke wa kaka. Hatukuongea sana. Yalikuwa mavuno makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nilitenga theluthi mbili kwenye magunia peke yake, nikajiambia nitazipeleka kambini. Wiki ya kwanza kulikuwa na mitihani. Wiki ya pili nikaogopa kuonekana nikibeba magunia kwenda kule. Mwezi wa tano bei ikapanda na mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha kwanza, akahitaji vitu vya shule. Nikauza.

Watu wakisimulia mambo ya namna hii hupenda kusema ardhi ilikataa, kwamba mvua ilikatika na shamba likarudi kuwa jangwa. Ningependa liwe hivyo. Shamba halikukataa kitu. Kaka alipanda mahindi nusu yake na akavuna vizuri. Mimi nilipanda soya nusu yangu, kwa mbegu zilizotokana na mbegu za yule mama, na sikuhitaji tena kuchota udongo popote. Bakteria walikuwa wameshazoea pale. Wakishaingia ardhini hukaa miaka, hata mmea wao usipokuwepo, wakisubiri. Nilikuwa nalijua hilo kutoka kitabuni na sasa nikaliona kwa macho: nilichimba mche, nikapasua kinundu, kikawa chekundu. Walikuwa kazini. Hawakumhitaji yeye, wala mimi sikumhitaji. Nilikaa chini kwenye tuta nikalia, kisha nikamaliza kupalilia, kwa sababu jua lilikuwa bado halijawa kali.

Mwaka uliofuata bwana shamba wa kata alipita kwa pikipiki, akasimama. Alikuwa kijana mwenye bidii. Alizunguka shamba lote, akaniuliza nimetumia mbolea gani, akastaajabu. Akarudi na wenzake, nao wakarudi na wageni. Siku moja waliwaleta wakulima kutoka vijiji vingi, wengine wametoka mbali upande wa Kasanda, na wakagawa pakiti za unga mweusi wa kupaka mbegu za soya. Ni bakteria wale wale, wamekuzwa mahali pengine na kutiwa kwenye mfuko. Bwana shamba aliwaambia wasiziache juani. Kisha akaniomba niwaonyeshe.

Nilichimba kwa ncha ya panga. Nilinyanyua bonge, nikalimenya. Nilichuma kinundu na kukipasua kwa ukucha wa kidole gumba, nikakiweka kwenye kiganja cha mwanamke aliyekuwa karibu nami. "Hii iko kazini," nikasema, na nikasikia sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe ulijifunza wapi haya yote?"

"Ni mambo ya darasani," nikajibu. "Yamo kwenye kitabu."

Walipiga makofi. Nilipewa cheti na bomba la kunyunyizia dawa. Cheti kiko sebuleni. Kaka aliniambia nimeiletea familia heshima, na nadhani alimaanisha.

Nilimwona tena mara moja tu, Kasulu mjini. Kuna mfanyabiashara wa nafaka karibu na soko, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Pwani, mwenye adabu na mizani isiyoibia. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua soya yangu. Siku hiyo nilikuwa nimeketi ndani ya duka nikisubiri wachukuzi washushe magunia. Akaingia mwanamke mrefu akataka soya ya kupima kwa kopo.

Alikuwa amekonda. Pengo la meno lilikuwa limeongezeka. Aliingiza mkono kwenye gunia lililofunguliwa, akatoa punje chache, akazitembeza kwa kidole gumba, akaleta moja karibu na jicho.

"Baba, hii soya munaitoa wapi?"

"Ya mwalimu huyu," akasema mwenye duka kwa furaha, akinionyesha kwa mkono. "Soya yake hakuna mfano Kasulu nzima."

Akanitazama. Nikasimama.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sikuwahi kumwamkia hivyo. Umri wetu ni mmoja.

"Mwalimu." Alitikisa kichwa. "Mtoto alipona?"

"Alipona. Amekuwa mkubwa. Na wako?"

"Wako."

Mwenye duka alimpimia makopo mawili kwenye mfuko. Nikamwambia amwongezee, aujaze mfuko, mimi nitafidia. Akatia kopo la tatu na la nne. Yule mama alisubiri amalize. Kisha akaufungua mfuko, akachota kwa viganja na kurudisha kwenye gunia, taratibu, akapima kwa macho mpaka alipoona yamebaki makopo mawili. Akafunga.

"Mama, nilitaka..." nikaanza.

"Minajua," akasema. Hakusema kwa hasira. "Iko mbegu nzuri hii. Usiichanganye na ingine."

Akamlipa mwenye duka, akatoka. Mwenye duka alinitazama kidogo akaona aulize habari za mvua, tukaongea habari za mvua.

Mwezi uliofuata nilimpa mama mmoja wa kanisani kwetu, anayeingia kambini kuuza ndizi, debe moja la soya bora niliyoichagua punje kwa punje, ampelekee yule mama wa Uvira, na maneno machache ya kumwambia. Maneno yenyewe niliyabadilisha mara nyingi, mwishowe nikamwambia amwambie tu nimemsalimia. Alirudi nalo jioni. Alisema nyumba ile ina watu wengine sasa. Majirani walikuwa na habari mbili: wengine walisema amepelekwa nchi ya mbali pamoja na watoto, wengine wakasema hapana, amerudi kwao kwa miguu yake kupitia ziwani. Hakuna aliyekuwa na namba ya simu.

Debe lilikaa chini ya meza yangu wiki kadhaa. Mtoto alikuwa akilipiga teke kila anapoketi kula. Mvua za kupandia zilipoanza, mke wa kaka alikuja kuomba mbegu, kwa sababu mwaka huu nao wanataka kujaribu soya kwenye nusu yao. Nikampa lote. Aliniuliza inapandwaje, kama ni lazima ipakwe kitu. Nikamwambia hapana, pale haihitaji, wewe fukia tu.